Njia ya Bambu Haisemwi na Mtu Mmoja

Nilikwenda Bunia, mashariki mwa Kongo, kuwafukuza watu. Hiyo ndiyo sababu ya safari, na sitaipamba.

Shirika ninalofanyia kazi hupeleka dawa kwenye zahanati za pembezoni katika nchi kadhaa. Halina wakaguzi wa barabara. Linauliza umma: dereva wa pikipiki, mchuuzi, msafiri, yeyote aliyejiandikisha anatuma ujumbe wa sauti kusema njia inapitika au haipitiki. Mimi nakaa Mwanza, chumbani kwangu, na vifaa vya masikioni. Nikipata taarifa tatu za watu ambao hawakushauriana, na zote zikakubaliana, nabonyeza ruhusa na lori linaondoka. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kelele. Ila kuna siku jua linazama sijatamka neno hata moja, na nikijaribu kujisemesha naikuta sauti imekauka.

Taarifa za Bunia zilikuwa na kasoro. Kuhusu njia ya Bambu, kule kwenye machimbo ya dhahabu, watu wote walituma maneno yaleyale, kwa mpigo. Kompyuta ikawapa alama nyekundu: udanganyifu. Bosi wangu, Teddy, akanipigia simu.

"Dada Neema, nenda ukawaone. Kama wanatuchezea, tuwafute."

"Na zahanati za Bambu zitapataje dawa?"

"Bila taarifa hakuna lori. Unajua utaratibu."

Naujua. Niliusaidia kuuandika.

Basi la Kampala liliondoka Mwanza alfajiri. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu alisinzia kabla hatujafika mbali, akaniegemea begani. Bega lilikufa ganzi, na sikumwamsha. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kuniegemea. Aliposhuka alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza, akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Entebbe nilipanda ndege ndogo. Abiria wengine walikuwa watu wa mashirika, wamevaa vitambulisho shingoni, wakiitana kwa majina na kutaniana. Mimi nilitazama Ziwa Albert chini, pana na la kijivu, kisha vilima vya kijani. Nilikuwa nimeshatunga kichwani maneno nitakayowaambia wadanganyifu wangu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Bunia nilipokewa na Bahati, mwenyekiti wa parking, yaani kijiwe cha madereva wa pikipiki ambao tulikuwa tunawashuku. Ni mtu mfupi, mwenye koti la mvua hata kukiwa na jua. Alinizunguka akinichunguza, kisha akaangua kicheko.

"Kumbe uko mutu! Siye tulizani ni mashini njo inatujibuka."

Kila taarifa yao nilikuwa naijibu mwenyewe, kwa vidole vyangu: asante, imepokelewa. Nilicheka naye, lakini iliniuma. Akanipakia na begi langu, tukaingia mjini katikati ya msururu wa pikipiki, vumbi jekundu likinijaa mdomoni.

Jioni ile alinipeleka kijiweni. Madereva walikuwa wameegesha pikipiki kwa duara na kukaa juu yake. Wote walinisalimia kwa mkono, mmoja mmoja, kisha wakanisahau. Alikuwepo pia Mama Kavira, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Butembo, anayepeleka vitenge na chumvi kwa wachimbaji wa Bambu. Dereva mmoja alikuwa amefika punde kutoka huko, matope hadi magotini. Walimhoji kweli kweli.

"Daraja uliona na macho, ao walikuambia?" Mama Kavira aliuliza.

"Niliona. Miti mbili imeoza ku upande."

"Moto inapita," alisema, yaani pikipiki. "Na kamyo?"

"Kamyo iko uzito, mama. Itapita, lakini ipunguze charge."

Walibishana. Wengine walisema lori lisubiri, wengine wakasema lipite na mzigo nusu. Mwishowe Bahati akatamka neno moja, wote wakaitika, halafu, mbele ya macho yangu, kila mmoja akatoa simu na kurekodi neno lile lile.

Nilishika kichwa. "Hiki ndicho kinachokatazwa! Kila mtu aseme alichokiona yeye, bila kuwasikiliza wenzake."

Walitazamana. Bahati akajibu taratibu, kama anayemweleza mgeni jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Mama, njia haisemwake na mutu mumoja. Tulikuwa na Héritier hapa, ndugu yetu. Ye alisema peke yake: njia iko bien. Hakudanganya, alipita asubui. Mvua ikanyesha, daraja ikakatika na kamyo ya watu. Familia ya bale walikufa walikuya hapa, wakamuita muuaji. Siye tulinyamaza. Hakuna mwenye alimutetea, na mimi nilikuwa hapo."

"Yuko wapi sasa?"

"Mahagi-Port, ku ziwa. Iko anauzisha samaki. Akiona namba yetu, hashikake telefone." Alivua kofia, akaivaa tena. "Kutoka ile siku tunasemaka wote. Ikikosa, tumekosa siye wote."

Maneno niliyotunga kwenye ndege yalinipotea. Mama Kavira alikuwa ananitazama.

"Na weye, kule kwenu, ruhusa ya kamyo unatoaka na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako? Na ikianguka?"

Sikuwahi hata kujiuliza. Aliguna, akanisogezea nusu ya kiti chake cha plastiki, nikakaa.

Kesho yake nilimweleza Bahati shida halisi: shirika linataka sauti tatu zisizoshauriana, na parking yake, hata ikituma jumbe ngapi, ni sauti moja. Tusipopata nyingine mbili, njia ya Bambu inafungwa.

"Basi uliza parking ya soko. Na ya Bambu yenyewe."

"Hamtashauriana nao?"

"Bale ba soko?" Alikaribia kutema mate. "Wanatunyanganyaka bateja! Hatupeanake nabo hata bonjour."

Nilizunguka naye siku nzima. Sokoni alinishusha mbali na kijiwe cha wapinzani wake, nikaenda kwa miguu. Nao, niligundua, hukaa na kupatana kabla ya kusema. Wale wa Bambu walituambia hivyo hivyo kwa simu. Nikampigia Teddy: tuhesabu kijiwe, tuache kuhesabu mtu.

"Sawa," akasema. "Tuwajaribu. Ila atakayebonyeza bado ni wewe."

Asubuhi ya kuondoka, Mama Kavira alinifungia samaki wa chumvi kwenye gazeti. Ndege ilikuwa na abiria wale wale wenye vitambulisho. Kwenye basi kutoka Kampala nilikaa dirishani, na kiti cha pembeni kilibaki kitupu hadi Mwanza. Niliingia chumbani, nikasema hodi kwa mazoea, nikaona upuuzi wake: hakuna wa kunikaribisha.

Taarifa za vijiwe vitatu ziliingia mvua ilipopungua huko kwao. Zote zilisema lori lipite, mzigo nusu. Nimebonyeza kitufe kile mara nyingi huku nikinywa chai. Safari hii sikubonyeza. Nilikuwa namwona Héritier, mtu ambaye sijawahi kumwona. Kama kuna nilichojifunza Bunia ni hiki: tulikuwa tunachukua maneno ya watu na kuwaachia hofu yake waibebe wenyewe, na ya kwangu nilikuwa sijaijua kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniuliza.

Nikampigia Bahati. "Naogopa," nilimwambia.

"Ngoja." Akafungua spika. Nikasikia pikipiki, kikohozi, sauti ya Mama Kavira. "Tusomee bale wengine wamesema nini." Nikawasomea, hata ya wale wa sokoni. Walibishana kidogo. Kisha Bahati: "Iko bien. Tuma."

Kwenye nafasi ya mtoa ruhusa niliandika jina langu na la parking. Mfumo ukakataa, unataka jina moja. Nikaacha langu, nikabonyeza.

Sikukata simu. Wakaanza kuongelea bei ya mafuta na mteja mlevi, nami nikawa nasikiliza tu. Baada ya muda mrefu Bahati akauliza, "Mama Neema, uko bado?"

"Nipo."

"Basi kaa. Tungoje wote."

Tulingoja hadi dereva wa lori alipopiga simu kutoka Bambu kusema amefika.