Chumvi ya Buluu

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya kiangazi kule Susuni, mimi Ghati nikiwa msichana wa darasa la sita niliyerudi likizo na maneno mengi kuliko akili. Miaka ile ya hamsini, msichana aliyesoma shule ya bweni alikuwa kitu cha kutazamwa. Nami nilipenda kutazamwa, sikufichi. Nilivaa gauni la shule hata siku ya kufua.

Juzi nilikusikia, mjukuu wangu, ukikariri somo lako la kemia: "Chumvi ni kitu kinachopatikana asidi na besi zinapokutana." Umekariri vizuri. Lakini neno lile likitamkwa mbiombio namna hiyo, moyo wangu huondoka hapa nilipo, ukaenda kuketi na bibi yangu mlangoni pa nyumba yake. Nimemkumbuka bibi mpaka nimechoka kukumbuka. Ndiyo maana nakuandikia.

Mama yangu alifariki siku alipomzaa mdogo wangu Mwita. Bibi, ambaye ndiye aliyemzaa baba, akamchukua mtoto. Kiangazi kile ng'ombe wetu wote walikuwa wamekauka isipokuwa mmoja wa kijivu, na maziwa ya huyo ndiyo yaliyokuwa chakula cha Mwita. Bibi alimkamua mwenyewe asubuhi na jioni. Pale nyumbani hakuna aliyemfikia bibi kwa kukamua. Alikuwa akimsemesha ng'ombe taratibu, kama anampa habari za jirani, na kibuyu kinajaa.

Kisha magadi tuliyokuwa tukiwalambisha ng'ombe yakatuishia. Ng'ombe akawa analamba ukuta, analamba mpini wa jembe, na maziwa yakaanza kupungua. Baba akaenda kutafuta magadi mengine. Siku ya pili bibi hakuweza kungoja tena. Alipekua vitu vya baba, akapata karatasi iliyofungwa vizuri, na ndani yake vipande vya buluu vinavyong'aa. Akaniita.

"Ghati, wewe uliyesoma, hiki ni nini?"

Nilikitambua mara moja, kwa sababu mwalimu alituonyesha darasani. Ulikuwa mrututu, ambao baba aliununua kwa mzee mmoja wa Kiislamu mwenye duka Tarime, kwa ajili ya vidonda vya kwato. Lakini jina la mrututu niliona ni la dukani, halina usomi ndani yake. Nikasema, "Bibi, hii ni chumvi. Mwalimu ametufundisha."

Tulikuwa tukisema Kikurya, na katika Kikurya cha pale nyumbani chumvi ilikuwa moja tu, ile inayoingia mdomoni. Bibi aliitazama tena.

"Chumvi ya rangi hii?"

"Chumvi ni chumvi, bibi," nikamjibu. Nikachukua mtungi, nikaenda kisimani, najiona mwalimu.

Niliporudi, bibi alikuwa ameshaiyeyusha kwenye maji ya ng'ombe, na ng'ombe ameyanywa kwa kiu ya chumvi aliyokuwa nayo. Kesho yake alikuwa anatokwa na mate, anaharisha maji ya kijani. Siku ya tatu akafa.

Baba alirudi na magadi yake jioni ileile. Aliiona karatasi tupu, akauliza ni nani aliyempa ng'ombe mrututu. Nilikuwa nimesimama pale nimembeba Mwita anayelia.

"Ni mimi," bibi akasema. Hakuongeza neno. Wala hakunitazama, labda asije akaniponza kwa macho. Nami, mwanangu, nikanyamaza.

Mwita alipelekwa Kisaka kwa mama mdogo, aliyekuwa ananyonyesha, akakulia huko. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila mpaka leo ananiita dada kwa adabu ya mgeni. Baba hakumgombeza bibi, maana mama hagombezwi. Alichofanya ni kuchukua kibuyu cha bibi cha kukamulia, akakitundika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtamba mmoja alizaa kabla likizo haijaisha, na aliyetumwa kumkamua ni shangazi. Bibi alikaa mlangoni akisikiliza maziwa yanavyoingia kwenye kibuyu cha mtu mwingine, vidole vyake vinachezacheza mapajani. Niliviona. Nikarudi shule hivyohivyo.

Shuleni nilimwendea mwalimu nikiwa na hasira. "Shikamoo mwalimu. Ulitudanganya. Ulisema mrututu ni chumvi, na chumvi hiyo imeua ng'ombe wetu."

Akaomba daftari langu. Akasoma: "Mrututu ni chumvi." Akageuza ukurasa kutafuta mengine, hakuna. Akachukua daftari la mwenzangu, akaniwekea mbele. Pale paliandikwa: "Mrututu ni chumvi ya shaba. Ni sumu, hauonjwi."

"Ghati, sokoni Tarime ukiita Chacha, wanageuka wangapi?"

"Wengi, mwalimu."

"Basi chumvi nayo ni hivyo. Asidi ikikutana na besi, kinachozaliwa tunakiita chumvi, lakini hilo ni jina la ukoo. Ya mboga ni chumvi ya sodiamu. Magadi nayo ni chumvi. Mrututu ni chumvi ya shaba. Mmoja unamkaribisha mezani, mwingine anaua. Ukimtaja, taja na baba yake." Kisha akafunga daftari, akauliza polepole, "Na baba yako wewe, anajua ni nani aliyekosea?"

Nilichukua daftari langu, nikatoka.

Muhula ule wote nilijifunza maneno ya kusema. Niliyasema njiani wakati wa kurudi nyumbani, kwa sauti, watu wakanishangaa. Nilipofika nikakuta bibi amezikwa wiki mbili zilizopita. Homa. Hakuna aliyeleta habari shuleni.

Nilimwambia baba palepale kaburini, kila kitu. Aliingia ndani, akashusha kile kibuyu, akaja kuketi nacho mapajani. Ng'ombe walirudi kutoka malishoni, bado amekishika.

"Ungesema siku ile," akaniambia, "ningemrudishia mkononi."

Hakunipiga. Heri angenipiga.

Basi sikia, mwanangu unayesoma kemia. Neno la kitaalamu usilibebe nusu. Ukisikia chumvi, uliza ya nini. Ukisikia asidi, uliza ipi, na imekolea kiasi gani. Ukimfafanulia mtu ambaye hakusoma, usiondoke ukachote maji. Kaa hapo mpaka akueleze yeye alichoelewa, na lile jina lao la dukani usilidharau, maana huenda ndilo linalobeba onyo. Na ukikosea, sema siku ileile. Nimefundisha sayansi miaka mingi, nimewaeleza watoto wa watu maana ya chumvi mpaka sauti ikakauka, lakini mtu mmoja niliyetaka anisikie hakuwamo darasani.

Mungu akubariki katika masomo yako. Akupe ulimi mwepesi wa kukiri kosa, na awape uhai wale unaopaswa kuwaomba radhi, mpaka utakapofika kwao.