Wajinga wa Mashamba ya Miwa

Muhula huo mama alikuwa ameitwa shuleni mara mbili kwa sababu ya mdomo wangu. Mwalimu wa historia akaniambia mama akiitwa mara ya tatu, ataondoka na mimi nikakae nyumbani wiki mbili nzima. Kisha akanipa nafasi moja: nifundishe darasa jinsi watumwa wa visiwa vya Karibiani walivyopigania uhuru, na nisigeuze somo kuwa sarakasi.

Kusema ukweli, nilisoma nikitafuta vichekesho. Nikavipata haraka. Watumwa walikuwa wanavunja majembe, halafu wanashangaa yamevunjikaje. Wanaelezwa kitu mara tano, hawaelewi. Wanaugua siku ya kazi nzito. Nikajiambia hawa ni watu wangu kabisa. Mimi nikiambiwa nifyeke nyasi, goti huanza kuuma lenyewe.

Halafu nikafika Haiti, wakati ikiwa koloni la Wafaransa, na kicheko kikaniisha. Hao hao waliojifanya hawaelewi kitu walipanga vita shamba hadi shamba, bila simu, bila barua, na aliyeshikwa aliuawa. Baadhi ya mabwana walidokezewa mapema, wasiamini. Wajinga wapange nini? Ndipo miwa ikawaka uwanda mzima. Sisi tukipanga tu kutoroka somo moja tukanunue soseji za smoki pale stegi ya matatu, kufikia mapumziko habari imeshafika mji wa Bisil.

Siku yangu ilipofika nilisimama mbele nikasema, "Leo sina mchezo." Darasa zima likacheka. Nikasema watu waliuawa. Wakacheka zaidi, jirani yangu wa dawati akijilaza juu ya vitabu akingoja niongeze. Mwalimu, aliyekaa nyuma, akafungua kalamu. Kichwani nikamwona mama akishuka matatu Kitengela na sare yake ya kazi, ameitwa mara ya tatu. Na mimi sikuwa na uso mwingine wa kuvaa.

Nikawaambia, "Hata mabwana walikuwa wanacheka hivyo hivyo."

Sikuwa nimeipanga hiyo sentensi. Upepo ulikuwa unagonga mabati, na kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na shule hiyo niliusikia nikiwa darasani. Nikawasimulia polepole mpaka Haiti ikawa huru. Sikuwa naigiza.

Mwalimu alifunga kalamu. "Barua ya mama yako siiandiki," akasema. "Kesho nenda darasa la jirani, uwaambie hivyo hivyo."

Shida ni kwamba kule wananijua vibaya zaidi.