Mwalimu Alitaka Kuandika Tu

Mimi ndiye niliyekosa. Muda wote huu nimesema ni umeme, nimesema ni bahati mbaya. Hapana, ni mimi. Jina langu silitaji kwa sababu haya yangu bado ni kubwa, lakini neno hili limenikaa kifuani.

Natengeneza kompyuta hapa mjini, mutaa wa Birere. Siku moja muzee mumoja wa mutaa wa Katoyi alifika kwenye meza yangu na mufuko wa kaye, yale madaftari ya shule, kumi na moja. Nilimutambua mara moja. Ndiye aliyenifundisha kusoma kule Masisi, kabla hatujakimbia vita wote.

Ndani ya kaye hizo alikuwa ameandika kijiji chetu: kila nyumba, nani alizaa nani, nani alizikwa wapi, majina ya vijito na ya malisho. Watoto wa pale wametawanyika, wengine hawajakiona hata siku moja. Alitaka kuyaandika kwa mashine, achapishe, kila ukoo upate kitabu chake. Na alikuwa na haraka. Daktari alimuambia macho yake yanakwenda na hayatarudi.

Alikuwa ameuza ng'ombe wake wawili wa mwisho. Akaniomba nimuchagulie mashine ya kuandikia.

Laptopu ndogo iliyotumika ingetosha. Nilikuwa nayo pale pale, chini ya meza. Hata ile sola yake ndogo ya kwenye paa ingeiweza.

Lakini nilikuwa na tamaa yangu. Miaka mingi nilitazama kwenye simu watu wa ng'ambo wakipanga mashine za nguvu: prosesa ya daraja la juu, ile akili ya kompyuta, juu ya carte mère ya bei kali, ule ubao unaobeba vyote. Mimi sikuwahi kuvigusa. Hapa nani angeviagiza? Nikaona pesa ya ng'ombe za muzee, nikaona nafasi yangu.

Nikamuambia mashine ndogo huharibika upesi, na kazi kubwa kama yake inataka mashine kubwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena.

Sikula hata faranga yake moja. Sisemi hivyo kujitetea, maana ni vibaya zaidi: nilimuharibia ili nipige picha! Vitu vilipofika kutoka Kampala nilivipanga siku nzima, nikaweka picha kwenye simu, mafundi wenzangu wakanipongeza. Nikajiona mutu.

Siku ya kwanza kule Katoyi iliwaka vizuri. Muzee akaandika ukurasa mumoja kwa kidole kimoja, akacheka. Kesho yake umeme ukaenda, ukakaa wiki mbili. Sola haikuweza hata kuiwasha. Jirani mwenye jenereta alisaidia mara mbili, halafu mafuta yakapanda bei. Umeme ukirudi, unarudi kwa kishindo na kuzima tena, mpaka carte mère ile ya bei ikaungua.

Nyingine niliingoja miezi na miezi. Muzee alikuwa anatuma binti yake kuuliza, nami namujibu avumilie. Ile ndogo ilikuwa bado chini ya meza, naiona kila asubuhi. Kumupa kungekuwa kukubali kwamba nilimudanganya. Basi nikaiacha pale.

Nilipomupelekea ile ndogo mwishowe, aliipapasa kwa mikono, akauliza inafunguka upande gani. Macho yalikuwa yamekwisha.

Nikasema nitasoma mimi kaye, niandike mimi. Nikafungua. Alikuwa ameandika kwa mukato, herufi mbili tatu na alama ndogo ndogo anazozijua yeye peke yake. Nilishindwa mustari wa kwanza.

"Hii ndogo, wakati ule ilikuwako?" akauliza.

"Ilikuwako, Mwalimu. Chini ya meza yangu."

"Na ingetosha?"

"Ingetosha. Ile kubwa niliitamani mimi."

Binti yake, aliyekuwa anachambua majani ya sombe mlangoni, akasimamisha mikono.

"Ungeniambia tu, mutoto wangu," muzee akasema. "Ningekupa pesa ya ng'ombe moja ujipangie yako."

Heri angenifukuza.

Sasa naenda kwake kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa. Namuelezea umbo la kila alama, naye anajaribu kukumbuka. Tuko kaye ya pili. Nyumba nyingine zinapatikana, nyingine ananiambia, "Hapa pita," nami napita, na watu wa nyumba hiyo wamepotea.

Ndugu zangu, sisemi mashine hizo hazina thamani. Anayekata na kuunga filamu kutwa nzima na ana umeme wake, ajinunulie. Lakini wewe, kabla hujatoa pesa, sema kwanza unataka kufanya kazi gani na kwako kuna umeme gani. Na fundi akianza kukusifia ile ya bei, mutazame usoni, umuulize ni nani kati yenu anayeitaka.