Kihenge Chenye Mlango wa Chini

Mtu akikuambia kwamba mtungi mkubwa haufinyangwi na mtu aliyekaa kitako, mlete kwangu. Mimi niliufinyanga hivyo, huku kwetu upande wa Kharumwa, kabla ya vita ya pili ya wazungu, na mguu wangu wa kulia ulikuwa umekwisha kulala tangu homa ya utotoni. Wote waliokuwapo nawakumbuka kwa majina. Hata ng'ombe wa baba nawakumbuka kwa majina. Lakini siwataji, wana wajukuu, na wengine walinicheka.

Nilikuwa natambaa kwa mikono na goti. Mama alinishonea kipande cha ngozi ya ndama cha kufunga gotini, maana mchanga wa kwetu kiangazi unaunguza. Wenzangu walilima, wakateka maji, wakaenda ngomani. Mimi nilifukuza ndege kwenye mtama. Baba hakuwa mtu mbaya, ila nilimsikia akimwambia mama, "Huyu hataolewa. Tukishavuna nitampeleka kwa kaka yake. Atalinda mtama wao na kula kwenye kihenge chao."

Kihenge, ghala letu la fito lililokandikwa samadi, ndicho kilichomtambulisha mwanamke. Kula kwenye kihenge cha mwenzio maisha yako yote, tena cha wifi! Nikasema moyoni, hapana. Siendi.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kisumbwa, mfinyanzi. Mkono wake wa kushoto uliishia kwenye kifundo. Nyoka alimuuma akiwa msichana. Watu walitoka mbali kufuata mitungi yake, kwa ajili ya matumbo yake. Alikuwa anaingiza kile kigutu ndani ya mtungi, anasukuma taratibu, huku mkono mzima ukipigapiga nje kwa kibao, na tumbo linatoka mviringo kama boga. Wenye mikono miwili walijaribu, vidole vyao vikaacha mashimo.

Nikatambaa hadi kwake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Umetumwa nini?"

"Sikutumwa. Nataka kufinyanga."

Wanawake waliokuwa wakikanda udongo pale wakaangua kicheko. Maana mtungi mkubwa kwetu hufinyangwa kwa kuuzunguka: unauweka chini, unainama, unarudi kinyumenyume ukiongeza udongo mpaka kiuno kikuume.

"Atauzunguka kwa tumbo, kama kenge!" mmoja akasema.

Yule mama hakucheka. Aliokota kigae kipana, kitako cha chungu kilichovunjika, akakilaza mbele yangu na kuweka bonge la udongo juu yake. "Sukuma." Nikasukuma, kikazunguka. Akawageukia wale. "Haya. Yeye ametulia, udongo ndio unaotembea. Nani kati yenu ana mtumishi kama huyo?" Kisha akanipa jiwe la mtoni, laini kama yai. "Mimi nina kigutu. Wewe utasukumia hili."

Nilianza na vyungu vidogo vya mboga. Mtama ulipoanza kukomaa, ndipo akaniachia mtungi. Nikaujenga, nikautoa tumbo, nikauona mzuri. Ulipoanza kukauka tukaunyanyua, kitako chote kikabaki kwenye kigae. Ulikuwa umeng'ang'ania. Mwalimu wangu akautazama, akapiga ulimi. "Ulihitaji majivu chini yake. Mimi nazunguka kwa miguu, sijawahi kuyahitaji. Na hili tumejifunza sote wawili."

Baba alipita, akauona ule usio na kitako. "Mtama umeiva," akasema, akaenda zake.

Udongo ulikuwa umekwisha, na bondeni sikuweza kufika. Yule aliyeniita kenge ndiye aliyekwenda kuubeba. Alitua kapu mbele yangu. "Kenge, shika."

"Wabeja, mguu wangu," nikamshukuru. Alicheka mpaka akakaa chini.

Safari hii nilitandaza majivu kwanza. Mtungi ukakauka, ukachomwa, ukatoka mwekundu, ukigongwa unalia vizuri. Akaja mnunuzi, mama aliyekuwa akipika pombe kwenye kambi ya wachimba dhahabu, upande wa Geita. Baba alikuwapo, amekaa kando kama mtu asiyehusika.

Desturi yetu ilikuwa hivi: mtungi hununuliwa kwa chakula kinachoujaza. Yule mama akajaza michembe, vile viazi vya kukausha vilivyojikunja, akasugua mikono. "Umejaa."

Nikamtazama mwalimu wangu. Alikuwa anatafuta tumbaku yake, hana habari na mimi. Basi nikautikisa mtungi mwenyewe, michembe ikashuka hadi nusu.

"Mama, umenijazia upepo. Na pombe yako nayo itaacha mianya hivi?"

"Mtoto huyu ana mdomo!"

"Si mpana kama wa mtungi, mama. Jaza mtama."

Alinikazia macho, halafu akacheka, akamwambia mumewe ashushe mtama mgongoni mwa punda. Wakamimina. Tumbo likameza, likameza tena. "Tumbo gani hili?" akalalamika. Mimi nilikuwa nimekaa wima kama mke wa mtemi.

Baba aliutazama mtama wangu uliomwagwa juu ya ngozi. Habari ya kaka hakuitaja tena. Alichukua shoka akaenda kukata fito, akasuka kihenge. Vihenge vingine huchotwa kwa juu, mtu apande. Hiki alipokifikisha mahali fulani, alikaa kitako mchangani, akanyoosha mkono kupima unapofika, akatoboa mlango papo hapo.

Mama akamuuliza, "Mlango huu wa mbuzi?"

"Wa mwenye kihenge," baba akajibu.

Baadaye walipita nzige, wakamaliza shamba la kaka yangu. Wifi akaja na kapu, amesimama mlangoni hajui aanzie wapi. Mitungi haina msimu. Kihenge changu kilikuwa na mtama. Nikamwambia achote mwenyewe, achote mpaka kapu lijae.

Alipiga magoti, maana mlango ule ulikatwa kwa kimo changu.