Betri Niliyotaka Kuibadilisha Angani

Nimekosa, na niliyemkosea hawezi tena kunisamehe. Nisikilizeni tu.

Mimi na mwenzangu tunarusha droni hapa Dodoma, tunapima mashamba. Tulibuni mbinu yetu: droni ndogo inapanda na betri mpya, inatua mgongoni mwa kubwa, inaichukua ile iliyokwisha, na kubwa haishuki. Kwenye majaribio ilikubali mara tatu. Nilivimba kichwa, jamani!

Siku moja mzee mmoja wa Chamwino alipotea. Alikuwa na usahaulifu, akatoka asubuhi kufuata mbuzi aliokwisha kuwauza miaka mingi nyuma. Binti yake alitufuata analia. Tukaenda.

Saa nane mchana, jua linachoma, nikaona kwenye skrini kitu chekundu chini ya mgunga. Hapo hapo betri ikaanza kulia. Watu wamenizunguka, wananitazama mimi.

Mwenzangu akaninong'oneza, "Shusha chini, kaka. Ni dakika tano tu."

Nikakataa. Nilitaka waone maajabu yangu kwanza, halafu niwaonyeshe mzee wao. Ile ndogo ikapanda, upepo ukaiyumbisha, zikagongana. Zote mbili zikaangukia nyuma ya kilima!

Ubaya wenyewe niliufanya baada ya hapo. Niliulizwa kama nimeona chochote, nikasema hapana. Nikawaambia vijana tukazitafute droni kwanza, eti picha zitatusaidia. Uongo! Nilikuwa nalilia vyombo vyangu.

Tulizipata jioni. Kule kwenye mgunga watu walifika kesho yake, wenyewe tu katika kutafuta, wakamkuta mzee ameshakufa kwa kiu.

Baada ya maziko nilifungua kadi ya picha. Kile chekundu kilikuwa mgolole wake, shuka alilojitanda, na mkono ameuinua. Alikuwa anatupungia!

Binti yake hajui. Kila msimu wa karanga ananiletea, ananiita kaka, ananishukuru kwamba nilijitahidi. Nazipokea. Kuzila siwezi, kuzitupa siwezi. Zimejaa ndoo jikoni na mke wangu ameacha kuuliza.

Nyie mnaorusha vyombo hivi, betri ikilia shusheni chini. Na ukiona hata kitambaa, sema umeona kitambaa, wacha watu waende wakatazame. Mimi nikisikia betri inalia, hata ya simu, nauona ule mkono umeinuliwa. Haushuki.