Hita ya Brielle

Verna Stokes amepikia watoto wa shule kusini mwa Ohio mpaka mikono imebabuka kwa mvuke. Alipoamua uzeeni kumlea mtoto asiye wake, wajane wenzake walisema amerukwa na akili. Brielle aliletwa na watu wa ustawi wa jamii akiwa na miaka saba, hajui kusoma. Verna akamfundisha kwa makopo ya maharage na maboksi ya nafaka, hata ikawa kila chenye herufi kinasomwa kwa sauti. Kiangazi kilichopita jaji akatamka kwamba ni mwanawe kisheria. Siku hiyo "Bi Verna" likaisha, akaitwa mama.

Mwezi wa Machi hita ya kupasha nyumba joto iliharibika, na pesa ya kununua nyingine hakuna. Wakaenda wote wawili kwa Doyle, jirani anayejazia watu kodi kwenye ukumbi wa kanisa.

"Dada Verna, umeula!" Doyle akasema. "Ukiasili mtoto unapata nafuu ya kodi. Hita utanunua na chenji itabaki."

"Nafuu ya nini? Sikutumia hata senti. Serikali ndiyo iliyolipa wakili."

"Kwa mtoto kama huyu hawataki risiti. Wanataka ile barua ya uamuzi wa jimbo juu yake tu. Unayo?"

Verna akaitoa mkobani. Hakuwahi kuisoma, mjinga yule. Akaiweka mezani mbele ya mtoto aliyemfundisha mwenyewe kusoma kila kitu.

"Jimbo limeamua," Brielle akasoma kwa sauti yake ya darasani, "kwamba mtoto huyu hawezi kupata wazazi, bila wazazi hao kupewa msaada wa fedha."

Doyle akajikohoza.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Maneno ya ofisi hayo, mwanangu. Nilikutaka kabla sijasikia habari ya pesa yoyote. Naapa kwa Mungu."

"Sawa."

"Tukiiacha hiyo barua?" Verna akamuuliza Doyle.

"Hupati kitu. Mtaendelea kulala na makoti."

Mtoto alikuwa akikohoa kila usiku. Verna akatia saini fomu ya kodi, akiwalaani moyoni wote walioandika upuuzi ule na kuuita msaada.

Hita mpya ilifungwa kabla ya Pasaka. Asubuhi yake Verna alilisogeza boksi la nafaka karibu na bakuli, maandishi yakimwelekea Brielle. Mtoto akala bila kuyasoma, koti mwilini.

"Vua basi, mwanangu. Husikii joto?"

"Nasikia. Ni zuri," akasema, wala hakuvua. "Asante, Bi Verna."