Nilivyoliacha kundi la dirishani: mchujo wa chama hapa Dubai

Wakuu, kwema?

Nimekaa na jambo hili tangu mchujo wa chama upite, na kila nikitaka kulisema naona aibu. Leo nalitoa. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazonichafua sijazikata.

Niko Dubai mwaka wa tatu, cleaner, nalala camp ya kampuni, mtaa wa Muhaisnah. Safari hii chama chetu kilitaka wanachama wa diaspora nao washiriki kumpata mgombea urais. Kila emirate ikae kivyake, ipime watia nia watatu, ipeleke wajumbe kwenye mkutano mkuu nyumbani. Chama gani, msiniulize, mtaanza kutukanana hapa.

Utaratibu ulikuwa hivi. Hakuna karatasi. Kila mtia nia ana wakala wake, wakala anasimama kwenye kona, na wewe unatembea kwa miguu yako mpaka kwa unayemtaka. Watu wote wanakuona. Kundi lisipofika watu sita linavunjwa, halipeleki mjumbe.

Wakala wa mtia nia pekee mwanamke alikuwa Dada Zuhura, Mzanzibari anayekaa mtaa wa Al Baraha. Huyu dada ana haki kubwa kwangu. Nilipoingia nchi hii kwa visit visa na agent wangu akazima simu, yeye na mumewe walinifungia pazia sebuleni kwao nikalala miezi miwili. Hawakuninunia hata siku moja.

Kilichomwingiza kwenye siasa ni wadada wa kazi za ndani. Alitaka mjumbe mmoja tu akasimame kule mkutanoni aeleze mabinti wetu wanavyoishi kwenye nyumba za watu huku. Mtia nia wake, yule mama, ndiye pekee kati ya wale watatu aliyewahi kupokea simu yake. Mabinti wanne walikuwa wanachama. Wanne hao, yeye wa tano, mimi wa sita. Basi, hakuna mwingine.

"Mdogo wangu, n'nakutegemea," alinambia kwenye simu.

"Dada, mimi tena? Nitakuwa wa kwanza kusimama."

Ijumaa baada ya swala tukakutana Karama, chumba cha juu cha mgahawa. Ilipangwa kama chakula cha mchana cha watu wa nyumbani: hakuna bendera, hakuna fulana, maana huku mikutano ya siasa si ya kuchezea. Biriani ikaliwa, vyombo vikaondolewa, mwenyekiti akasema, "Yalla, jipangeni. Dakika tano."

Dada Zuhura akaenda kusimama dirishani. Mabinti wanne wakamfuata.

Nikainuka. Hatua kama nne hivi nikaona wakala wa mtia nia mwenye nguvu, kona ya mlangoni, ni Kassim. Forman wangu, msimamizi wetu kazini. Sikuwa na habari kabisa kwamba ndiye. Na Kassim ndiye anayepanga list ya nani atoke kwenye kufuta vioo juani aende ndani ya mall kwenye AC. Wiki ile list ilikuwa inaandikwa.

Akainua simu juu, anarekodi.

Wakuu, miguu ilijigeukia yenyewe. Hapana, huo si ukweli na niliahidi ukweli. Niliigeuza mimi. Nikajiambia Dada Zuhura ataelewa, atapata mtu mwingine, chumba kimejaa. Mwoga hakosi sababu.

Kwa Kassim tulikuwa thelathini na mbili. Kona ya pili, tisa. Dirishani, watano.

Mwenyekiti akasoma kanuni. "Kundi la dirishani limevunjwa. Mnahamia wapi?"

Dada Zuhura alikuwa bado ananitazama. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali. Alikuwa kama mtu anayekusubiri umalize kufunga kamba za viatu mwende. Halafu nikaona ameelewa.

"Sisi hatuhami," akasema. "Tutakaa tu."

Wakakaa. Mwenyekiti akaandika anachoandika, mambo yakaendelea.

Wakati wa kutoka, kwenye ngazi, binti mmoja anaitwa Neema akanishika shati. "Kaka, si ulisema uko na sisi? Mimi nimembembeleza madam wiki mbili anipe haya masaa matatu."

Nikajifanya napokea simu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumapili video ikawekwa kwenye group. Nikaitazama mara nne najitafuta. Kassim alikuwa anajirekodi mwenyewe, uso wake umejaa screen nzima, nyuma huoni mtu. List ikatoka, simo.

Nikajikaza nikamwendea. "Boss, juzi pale Karama nilikuwa upande wako."

Akashangaa kwelikweli. "Kwani na wewe ulikuwepo?"

Khalas. Nikarudi kwenye vioo vyangu.

Wiki iliyofuata nikaenda Al Baraha kuomba radhi. Nyumba ile nilizoea kuingia moja kwa moja hadi jikoni, nafunua sufuria mwenyewe, Dada ananigombeza nimwachie na mumewe chakula. Siku hiyo akafungua mlango, akanikaribisha vizuri, akanikalisha kwenye kochi. Nikasema yote, hata la video. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Yameshapita. Na wewe una kazi yako ya kuilinda, sikulaumu."

Kisha akaingia ndani, akaniletea chai kwenye sinia, na vikombe vya wageni, na kitambaa kimekunjwa pembeni.

Nikainywa.

Nilichojifunza ni kimoja. Ukimwambia mtu "nipo", ameshakuhesabu na ameshawaambia wengine. Usilitamke neno hilo kama hujui utafanya nini siku forman wako akiwa chumbani.

Matusi nitayasoma, nayastahili. Ila kama humu kuna aliyewahi kumfanyia mtu wake hivi, kisha akaweza tena kuingia mpaka jikoni, naomba aniambie alianzia wapi.